Kwenye The Prestige, Sarah alijua tangu siku gani?

MkeWaNahodha, Lamu

Assalamu aleikum wenzangu.

Nimeitazama The Prestige mara tatu ndani ya wiki mbili, kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Mara ya pili stima zilipotea katikati, tukaimalizia alfajiri. Kila ninaposoma watu wakiijadili naona wamekwama kwenye ile mashine ya Tesla, ile ya kutoa nakala ya mtu, kama inafanya kazi au haifanyi, na yupi ndiye Angier wa asili. Mimi nina swali la mke. Sarah, mke wa Borden, alijua tangu siku gani kwamba mume aliyenaye si mtu mmoja? Na kama alijua, mbona hakulitamka?

Ambaye hajaiona asiendelee kusoma. Hili siwezi kuliuliza bila kutoa siri yote nje.

Kwa mliosahau, ni filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2006, iliyotokana na riwaya ya Christopher Priest ya 1995. Tuko London, mwisho wa karne ya 19. Vijana wawili, Angier (Hugh Jackman) na Borden (Christian Bale), wako chini ya bwana mmoja wa mazingaombwe. Kazi yao ni kukaa kati ya watazamaji kama watu wa kawaida, kisha kuitwa jukwaani kumfunga kamba Julia, mke wa Angier, kabla hajatumbukizwa kwenye tangi la maji. Usiku mmoja Borden anamfunga mikono, na fundo halifunguki. Julia anafia majini, mumewe anamwona kupitia kioo. Kwenye mazishi Angier anauliza: ulifunga fundo gani? Borden anajibu kwamba hajui.

Hilo jibu ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Vidole vilikatika, ndege wakafa, watu wakafa.

Sasa niwaeleze kwa nini Sarah amenikaa rohoni. Mume wangu ni nahodha. Siku za kawaida mashua yake hubeba mchanga na mawe ya kujengea kutoka Manda. Siku za mashindano huwa mtu mwingine kabisa. Yeye na mpinzani wake, mtu wa mtaa wa Mkomani (sisi tuko mtaa wa Langoni), walifunzwa bahari na nahodha mmoja, sasa marehemu, Mungu amrehemu. Walikula sinia moja, walijifunika tanga moja. Leo wakikutana kwenye ndia nyembamba zetu hizi, mmoja hugeuka akarudi alikotoka. Miezi miwili kabla ya mashindano ya tarehe 1 Januari kule Shela, nyumbani hakuna neno jingine ila foromali ya mwenzake, ule mti unaobeba tanga, imeongezwa shibiri ngapi, tanga lake kashona nani, chini kapaka nini. Maji yakipwa usiku, mume wangu huteremka pwani na tochi kwenda kuitazama ile mashua ya mwenzake imelala ubavu.

Mimi humjua kwa makubadhi. Akiyavua mlangoni akayaweka sambamba, kaja mume wangu, tutakula na tutazungumza. Akiyaacha moja huku moja kule, kaja yule nahodha, na usiku huo mimi sina mtu.

Basi kuna pale Borden anamwambia Sarah kwamba anampenda, naye Sarah anamtazama machoni na kumjibu kuwa leo si kweli. Hakasiriki. Anasema siku nyingine huwa kweli na siku nyingine siyo, na kwamba anapenda kuweza kuzitofautisha. Niliwaambia wenzangu wasimamishe filamu. Nilikwenda jikoni nikakaa.

Na jambo jingine, kwa sababu ya lile fundo. Miaka mitatu nyuma, katikati ya mashindano, henza ya mashua yetu, ile kamba ya kupandishia tanga, ilifunguka pale ilipofungwa kwenye foromali. Foromali ikashuka na tanga lake, ikamvunja mtulinga kijana wetu mmoja wa miaka kumi na sita. Mashua ilikuwa imelala pwani usiku kucha. Mume wangu anaamini kwa roho yake yote kwamba mpinzani wake aliligusa lile fundo. Mwenyewe alipoulizwa mbele ya wazee alisema, "Sijui lolote." Tangu siku hiyo nyumba yangu inaishi juu ya hilo "sijui".

Kwa hiyo nauliza kwa dhati. Sarah alijua lini?

UkumbiWaMaweni, Malindi

Waleikum salaam dada. Nimeonyesha filamu kwenye ukumbi wangu wa video miaka mingi kabla simu hazijaua biashara, na hii nimeiona zaidi ya mara kumi. Swali lako ni zuri kuliko la mashine. Nikupe ushahidi kwa mpangilio wake.

Siku ya kwanza kabisa Borden anapokutana na Sarah, kuna mtoto, mpwa wa Sarah, analia kwa sababu ameona kizimba kimebanwa juu ya meza na ndege ndani yake. Borden anamwonyesha ndege mzima, hajambo. Mtoto anauliza: na nduguye yuko wapi? Sarah yuko hapo hapo, amemshika mtoto. Filamu nzima imesemwa na mtoto katika dakika ya mwanzo mwanzo, na Sarah ameisikia kwa masikio yake. Hakujua maana yake, lakini ilisemwa mbele yake.

Kisha anamsindikiza nyumbani. Sarah anamuaga nje, anafunga mlango, anageuka, Borden yuko ndani tayari. Sarah anacheka. Binti aliyependa atacheka. Ukirudia kutazama ukiwa unajua siri, kwamba Borden ni ndugu wawili pacha wanaoishi kama mtu mmoja, hicho kicheko kinauma.

Ya tatu ndiyo nzito. Angier amejigeuza sura, amepanda jukwaani na kutia risasi ya kweli kwenye bastola ya Borden, na Borden anapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Jeraha linaanza kupona. Halafu usiku mmoja Sarah analifungua bendeji na damu inatoka upya, mbichi, kama siku ya kwanza. Anasema haelewi inawezekanaje. Bila shaka inawezekana, kwa sababu ule ni mkono wa mtu mwingine, uliokatwa vidole kwa makusudi ili ufanane na ule wa kwanza. Mwanamke aliyeosha kidonda kila siku hujua hatua zake. Mimi nasema hapo moyo wake ulijua. Akili ilichelewa.

Mwisho, kabla hajajinyonga, anamfokea kwamba anamjua yeye ni nini hasa. Na Olivia, msaidizi wa jukwaani aliyekuwa mpenzi wa Borden, baadaye anamwambia Borden kwamba Sarah alimwomba wakutane, alikuwa na jambo la kumweleza kuhusu yeye, na Olivia akaogopa kwenda. Kwa hiyo alitaka kulitamka, dada. Alimchagua mtu wa kumwambia, na mtu huyo hakuja.

Bahari_Kuu, Malindi

Nimesoma mpaka mwisho ingawa dada alionya, sasa filamu nimeshaijua yote. Nitaitazama tu usiku wa leo. Nataka kumwona huyo mtoto na ndege wake.

Hussein_wa_Barani, Malindi

Nimejiandikisha hapa kwa sababu ya mada hii.

Mimi ni pacha, na kama kawaida ya kwetu tukaitwa Hassan na Hussein. Tumefanana hadi kovu la goti, maana tulianguka juu ya paa moja. Shuleni tulibadilishana madarasa. Mwalimu hakuwahi kututambua, lakini mama yetu hakuwahi kukosea hata gizani. Tulimuuliza anatujuaje, akasema Hassan hupumua kwanza ndipo aseme, na mimi husema ndipo nipumue.

Nduguyangu alipooa, mkewe aliniogopa mwaka mzima. Si kwa ubaya. Akinikuta sebuleni alikuwa anasimama mlangoni mpaka niseme neno. Siku moja alinieleza, mbele ya mumewe, na hili sikuwahi kulisahau: alisema kinachomtisha si kwamba atanidhania mimi ni mume wake. Kinachomtisha ni ile nukta moja kabla hajajua, ambapo moyo umeshafurahi, kisha inabidi ufurahi kidogo tu. Sarah aliishi ndani ya nukta hiyo miaka mingi, na hakuna aliyesema neno la kumtoa humo.

Jambo ambalo wengi hulipita. Wale ndugu wawili hawakuwa na makosa sawa. Mmoja alimpenda Sarah, mwingine alimpenda Olivia. Wanabadilishana: leo huyu ni Borden na yule ni Fallon, yule mhandisi mwenye ndevu asiyesema, kesho wanageuza. Kwa hiyo Fallon aliyekaa kimya pembeni alikuwa, siku nyingine, mume wake halisi, anamwona mkewe akilia na hana ruhusa ya kumgusa. Kisha jioni ya mwisho Sarah anauliza, wanipenda? Na aliyeulizwa ni yule asiyempenda, naye anasema kweli: leo, hapana. Mara moja tu katika ndoa nzima yule ndugu wa pili alimpa ukweli, na ukweli wenyewe ukamuua.

Anayenyongwa gerezani, kwa kusingiziwa kumuua Angier, ndiye huyo. Kabla ya kwenda anamwomba nduguye msamaha kwa ajili ya Sarah, anamwambia sasa aishi maisha yake kamili. Mimi na Hassan tulitazama sehemu hiyo pamoja, hatukuangaliana.

Kuhusu lile "sijui" la mazishini: ukiwa pacha huoni kitendawili. Aliyefunga kamba ni mmoja, aliyekwenda mazishini huenda ni mwingine. Alisema kweli, hakujua. Labda hata walishaulizana nyumbani na aliyefunga mwenyewe hakukumbuka. Dada, samahani kukugusa, lakini mume wako ameshawahi kufikiri kwamba yule bwana wa Mkomani alisema kweli?

MkeWaNahodha, Lamu

Hussein, Mungu akuhifadhie nduguyo. Maneno ya shemeji yako nimeyasoma kwa sauti, mama mkwe yuko hapa anasikiliza, akasema huyo mwanamke ana akili.

Umenigusa, lakini umegusa pahali pake. Hajawahi kufikiri hivyo. Kwake yeye "sijui" ni jibu la mwenye hatia. Ukimwambia huenda mtu hajui kweli, anakutazama kama umemsaliti.

UkumbiWaMaweni, lile la kidonda limenifungua macho. Nimeosha vidonda vya kamba viganjani mwa mume wangu tangu nimeolewa. Ningejua. Kwa hiyo nakubaliana nawe kuhusu siku yenyewe: Sarah alijua usiku ule wa bendeji. Kilichobaki ni lile la pili, mbona hakusema kwa mume wake mwenyewe, akaenda kutaka kumwambia mwanamke mwenziwe? Nafikiri ni kwa sababu mume angelikana, na baada ya kulikana asingeweza tena hata zile siku za kweli kuzifurahia. Mtu aliye na nusu huogopa kuuliza, asije akabaki hana hata nusu.

MzeeWaMkunguni, Lamu

Mwanangu, salaam. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Nilipokuwa mdogo alikuja mtu wa mazingaombwe akafanya kiinimacho pale Mkunguni, mbele ya ngome. Siku hizo ngome ilikuwa bado jela, haikuacha kuwa jela mpaka 1984, na wafungwa tuliwasikia wakicheka ndani bila kuona kitu, wanacheka kwa sababu sisi tulicheka. Alitoa utepe kinywani, ukatoka, ukatoka, mpaka ukafika mti. Bibi yangu alinishika sikio akaniambia, "Mato hayana pazia." Alitaka kusema, jicho litatazama tu lisichotakiwa kutazama. Jioni ile nilimfuata yule mtu hadi alipofikia, nikachungulia. Alikuwa amekaa juu ya jamvi, anatapika. Ule utepe ulikuwa umeshamchubua koo. Sikucheka tena.

Nimemwambia mjukuu anionyeshe filamu yenu, na kitu nilichokishika ni yule mzee Mchina anayetembea akiburuta miguu. Vijana wawili wanamtazama akipanda gari. Angier hakubali, Borden anaona mara moja: mzee si kiwete, anajifanya kiwete maisha yake yote ili jukwaani aweze kulibana bakuli kubwa la maji na samaki katikati ya mapaja, chini ya joho. Borden anasifu. Bila shaka, maana naye ndivyo anavyoishi.

Mjukuu akanitafutia habari zake, na huyo mzee alikuwako kweli. Wa kwenye filamu anaitwa Chung Ling Soo. Wa kweli aliyetumia jina hilo hakuwa Mchina hata kidogo. Alikuwa Mmarekani, William Robinson, aliyezaliwa 1861. Na mzizi wake ni ushindani, kama wa mume wako. Kulikuwa na Mchina wa kweli, Ching Ling Foo, aliyezuru Marekani na kutangaza dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kuiga mchezo wake wa bakuli la maji. Robinson akataka kujaribu, Foo akamkataa. Basi Robinson akanyoa, akavaa joho, akajiita jina linalokaribia la yule, na kuanzia 1900 akawa Mchina mbele ya dunia. Kwa waandishi wa magazeti alizungumza kwa mkalimani. Mwaka 1905 wote wawili walikuwa London, wakaitana kwenye pambano la kuamua nani wa asili, na wa asili hakutokea! Uongo ulishinda kwa kungoja tu.

Mkewe alikuwa naye jukwaani, naye amevikwa Uchina, akiitwa Suee Seen. Huyo alijua yote ya jukwaani. Lakini mume alikuwa na nyumba nyingine, mwanamke mwingine na watoto. Hivyo hata aliyejua siri ya jukwaa alikuwa na siri ya pili ya kubeba. Sina hakika ni nani aliumia zaidi, yeye au Sarah wenu.

Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, ukumbi wa Wood Green, London, alifanya mchezo wa kudaka risasi kwa sahani. Bunduki ikalia, akaanguka, akasema kwa Kiingereza kwamba wateremshe pazia. Watazamaji wakamsikia lugha yake kwa mara ya kwanza, na kesho yake akafa. Watu walisema kauawa, walisema kajiua, wakamtaja huyu na yule. Ikachunguzwa bunduki. Ilikuwa imetengenezwa ili baruti ilipuke kwenye mrija wa chini tu, na risasi ya kweli ibaki kwenye mtutu bila kutoka. Miaka ya kuitumia ikaila. Baruti ikapenya taratibu, siku baada ya siku, hadi usiku huo moto ukafika kusikotakiwa. Hakuna aliyeigusa.

Sasa nauliza jambo moja la baharini, maana nami nimevuta kamba. Ile henza iliyofunguka, ilikuwa kamba gani?

UkumbiWaMaweni, Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Katika miaka yote ya kuonyesha filamu hii sikuwahi kusimuliwa habari za mzee wa bakuli namna hiyo. Nimerudi kutazama ile sehemu ya gari, na kweli, Borden hatazami bakuli wala joho. Anatazama miguu.

Tena niongeze moja inayohusu kamba. Yule Cutter, fundi wa mitambo, Michael Caine, mwanzoni anamliwaza Angier kwamba kufa maji hakuumi, kwamba baharia mmoja aliyewahi kuzama na kuokolewa alimwambia ni kama kurudi nyumbani. Mwisho wa filamu, akiwa ameshajua Angier amefanya nini, anamwambia alimdanganya. Yule baharia alisema ni mateso. Ninyi watu wa Lamu mtakuwa mlishajua hilo kabla hajasema.

MkeWaNahodha, Lamu

Nimerudi baada ya siku nne. Samahani kwa kukawia. Naandika hivi mume wangu amelala, na makubadhi yapo mlangoni, sitasema yamewekwaje.

Mzee wangu wa Mkunguni, swali lako nilikaa nalo siku nzima. Sikumuuliza. Nilimwambia tu, leo usitoke, kuna filamu ya watu wa kamba nataka uitazame. Akakubali kwa sababu ya neno kamba. Tuliweka kompyuta juu ya kasha pale chini ya zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, mama mkwe akaleta visheti.

Alitazama kimya. Ilipofika Julia anafungwa mikono, aliinama mbele. Alisema peke yake, kama yuko pwani, kwamba hao hawajui kazi. Kamba ya nyuzi za mmea ikiingia majini hunywa, ikinywa hunenepa, na fundo lililokaza kavu likilowa hugeuka jiwe. Huwezi kumtia mtu majini na fundo la mara mbili namna hiyo, alisema, hata angekuwa na mikono ya pweza. Kisha ikaja mazishini. Ulifunga fundo gani? Sijui.

Mume wangu akasema, "Simamisha."

Akatoka akakaa dakani, pale barazani mlangoni. Nilimwacha. Niliwaza nimekosea, kwamba nimeichokonoa ile chuki badala ya kuituliza. Mama mkwe alinipa ishara nitulie. Baada ya muda akarudi, hakukaa, akaniuliza kama nakumbuka kamba ile alinunua wapi. Nikamwambia alinunua dukani mwaka ule ule, wiki ya mashindano, ile nyeupe inayong'aa, kwa sababu ya zamani ilikuwa imechakaa. Akasema, nailoni. Akalirudia neno.

Akaenda kwenye pipa la vyombo vyake akaja na kipande cha ile nyeupe na kipande cha kamba ya katani. Akazifunga zote mbili kwenye mguu wa kitanda, fundo lile lile alilofunzwa na marehemu, mikono inajua yenyewe. Akaivuta ya katani kwa nguvu zake zote, haikusogea. Akaitikisa ya nailoni, akailegeza na kuikaza, akailegeza na kuikaza, kama tanga linavyofanya kwenye upepo wa kaskazi. Ilianza kuteleza. Mara ya kumi hivi mkia wa kamba ulikuwa umebaki kidole kimoja. Mara chache tena ukapita, kamba ikaanguka chini.

Hakusema neno. Alilifunga tena, akalitikisa tena, likafunguka tena. Mama mkwe alikuwa anahesabu.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nililifunga mwenyewe. Usiku ule. Nilikuwa nakumbuka kwamba nililifunga mwenyewe."

Tulimaliza filamu kwa sababu alitaka kuimaliza. Alipoona jeraha likitoka damu upya alinitazama mimi, siyo kioo. Alipoona Sarah amejinyonga katikati ya vizimba akaniuliza, "Na wewe huyu mwanamke ndiye unayemlilia wiki mbili?" Nikasema ndiye. Akaniuliza kwa nini. Hussein, nilimweleza ile nukta ya shemeji yako. Nilimweleza na makubadhi pia, kitu ambacho sijawahi kumwambia tangu anioe. Hakukana. Lile nililoliogopa, kwamba atakana na nitabaki bila hata siku za kweli, halikutokea. Alikaa akitazama mlangoni kule viatu vilipo.

Jana baada ya isha alivaa kanzu, akachukua vile vipande viwili vya kamba akavitia mfukoni. Alishika ndia ya kwenda Mkomani. Nilipanda darini nikamwona anapita chini ya wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba mbili, kisha giza. Alirudi usiku sana. Yule kijana wa mtulinga, nimesikia leo asubuhi sokoni, naye aliitwa huko.

Sijamuuliza walisemezana nini. Asubuhi ameniomba nimpe jina la ile filamu kwa maandishi, kuna mtu anataka kuitazama.